Plagi ya Meno Matatu

Papa Alphonse alikuwa anaongea na kisanduku. Msimcheke kwanza, ngojeni. Kile kisanduku cha chuma cha kusawazisha umeme, ambacho Likasi wote tunakiita stabilisateur na ambacho mwenye friji hawezi kukaa bila kuwa nacho, kilikuwa sebuleni kwake chini ya picha ya Bikira Maria. Kila umeme ulipolegea, kililia tak. Papa Alphonse, awe anakula, awe anafunga kamba za viatu, alijibu, "Nasikia."

Ilianza hivi. Mkewe Rosalie, enzi za uhai wake, alikuwa na tabia ya kumwita kutoka jikoni kila baada ya kitambo kidogo, kwa jambo la maana na kwa jambo lisilo na maana, na mume alijibu "nasikia" bila kuinuka. Rosalie akafa. Sauti ya jikoni ikakatika, lakini ulimi wa mume ulikuwa umeshazoea kujibu, nao ukaanza kukijibu kitu pekee kilichokuwa bado kinaita mle ndani. Mwanzoni alijishtukia akaona haya. Baadaye aliacha kuona haya, maana hakukuwa na mtu wa kumwona.

Alizaliwa hapa hapa Likasi. Baba yake alikuja kutoka Kabongo kutafuta kazi ya reli, mama yake alikuwa Mubemba wa upande wa Sakania, naye akakulia katika zile nyumba za kampuni za Shituru, zilizopangwa mstari, ambazo moshi wa kiwanda umezipaka zote rangi moja. Maisha yake yote ya kazi alikuwa bobineur, yaani mtu wa kusuka upya nyaya za shaba ndani ya mota zilizoungua. Amestaafu, lakini watu wa vinu vya unga bado wanamletea mota zao, naye anazisuka uani chini ya bati. Vidole vyake ni vinene, vimejaa makovu madogo ya waya. Ni Mkatoliki wa misa ya kwanza, anapenda bukari, ugali wetu, iwe ngumu, hapendi kelele za redio, na ana mtoto mmoja tu duniani, Daniella.

Daniella alikuwa Lubumbashi akisomea uchoraji wa kompyuta. Msiniulize sana. Kwa kifupi, wale watu na majumba na milima mnayoiona ndani ya michezo ya kompyuta, kuna mtu anayekaa kitako akaichora, na Daniella alitaka kuwa mtu huyo. Michezo yenyewe aliianzia utotoni kwenye simu ya mama yake, akicheza mpaka betri inakufa, anagombezwa, anangoja ichajiwe, anaanza tena. Siku moja, akiwa na pengo mbele, alimwambia baba yake, "Papa, ukininunulia mashini ya michezo, ile ya kweli kweli, sitatoka tena hapa nyumbani." Mama yake alicheka. Baba yake alicheka pia, lakini maneno yale aliyaweka.

Sasa jamani, mtu mzima na mvi zake anashikilia maneno ya mtoto mwenye pengo? Ndiyo, alishikilia. Daniella alipokaribia kumaliza masomo, Papa Alphonse alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani: mtoto anamaliza, mashini inanunuliwa, chumba cha nyuma kipo, mtoto anarudi. Kipato cha mota alikuwa akikitunza kwa ajili hiyo. Jumapili moja baada ya misa alimpigia akamwambia.

Upande wa pili Daniella alimwomba arudie.

"Papa, usijisumbue," Daniella alisema mwishowe. "Kweli."

"Niliahidi."

"Basi kama ni lazima, chukua kadogo. Kuko tusanduku tudogo twenye mukono wa juu, twa kubebea. Hata kale tu, Papa."

Papa Alphonse alikata simu akitabasamu peke yake. Kadogo! Mtoto anauhurumia mfuko wa baba yake. Hapo hapo akaapa kwamba atanunua kubwa.

Duka la Steve liko katikati ya mji. Steve alisoma darasa moja na Daniella, ni kijana wa maneno mengi na mzaha mwingi, na anauza mashini zinazofika kutoka Dubai zikiwa zimeshaungwa tayari. Ukitaka, anakufungulia moja pale pale kwenye meza, anakuonyesha vipande vya ndani, na unachagua kipi kitoke na kipi kiingie. Papa Alphonse alivaa shati la misa kwa ajili ya kazi hiyo.

"Kwanza tuangalie carte graphique, Papa Alphonse," Steve alimwambia, akiinua kipande kirefu chenye feni. "Hii njo inachoraka picha. Ikiwa ndogo, mutoto anacheza, picha inakwama-kwama."

"Ile nasikia. Lakini niambie, courant ikirudia na hasira, nani ndani mule anakufa wa kwanza?"

Steve alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Papa, hii haiko mota ya kinu!"

"Nani anakufa wa kwanza?"

"Alimentation. Hii hapa, yenye kugawanya courant kwa benzake."

"Basi tuanze na huyu."

Ndivyo tunavyochagua vitu Likasi, hata mkituona washamba. Kwingine mtu huuliza mashini ina mbio kiasi gani. Sisi tunauliza itakufa vipi. Mvua ikichelewa kule Lufira, bwawa la Mwadingusha linachoka, taa zetu zinageuka rangi ya chai, kisha umeme, hiyo courant yetu, unakatika. Kukatika si neno. Ni ukirudi ghafla, na nguvu zake zote, ndipo friji zinakufa na wake za watu wanalia. Papa Alphonse alijua hayo kuliko sala zake. Kwa hiyo alipima zile alimentation mkononi, moja baada ya nyingine, kama watu wa shaba wanavyopima kila kitu, akachagua nzito kuliko zote.

Halafu akaja kwenye kasha. Steve alimwonyesha lile zuri la kioo upande mmoja, lenye taa za rangi ndani. Papa Alphonse alilikataa: kiangazi vumbi jekundu litaingia, taa zenyewe hazitaonekana. Alitaka la chuma, refu, lenye vichujio vya vumbi kila tundu. Alitaka feni kubwa. Alitaka diski ya pili, ili umeme ukiiua ya kwanza kazi ya mtoto isipotee. Na ile carte graphique, aliichukua iliyo bora dukani, maana hakuwa mjinga, alijua mtoto atakaa mbele ya picha na si mbele ya alimentation.

"Papa, hii kitu itakuwa nzito, hata mwizi ataiacha kwa mulango," Steve alisema.

"Njo vile nataka. Ikishawekwa, isitoke."

Alirudi nyumbani kwa miguu akiwa na furaha ya kijana. Alipofika, kisanduku kikalia tak, naye akajibu, "Nasikia, nasikia, kesho kutwa mutakuwa wawili."

Siku Steve alipomwita aje akague kabla ya kufunga kasha, kila kitu kilikuwa mahali pake. Papa Alphonse aliinama, akatazama ndani, akagusa nyaya kwa ncha ya kidole, akaridhika. Halafu akaona waya mweusi umekunjwa pembeni mwa meza. Waya wa kuchomekea mashini ukutani. Ila plagi yake haikuwa na meno mawili ya mviringo kama zetu. Ilikuwa na meno matatu, mapana, mazito.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Daniella. Alinipigia simu, akanilomba nimutafutie ya namna hii. Nilizunguka nayo, Papa! Nilipata kwa Muzambia mumoja."

Papa Alphonse aliishika. Mnielewe vizuri hapa. Huyu ni mtu wa umeme. Meno yale aliyafahamu tangu ujana, mashini za kutoka Zambia zilifika nayo kiwandani, na kazi ya kwanza ilikuwa kuyakata na kuweka yetu. Alijua kwamba hakuna ukuta Shituru wenye matundu ya meno yale, wala Likasi, wala nchi nzima. Mtu anayeagiza waya kama ule ameshauona ukuta wake mahali pengine.

"Ni ya wapi hii?" aliuliza polepole.

"Si ya Nairobi? Ile kampuni ya michezo iliyomuita kwenda kuchora..." Steve akaona uso wa mzee, akaziba mdomo wake kwa mkono. "Papa, nilizani unajua."

Moyo wa Papa Alphonse ulianguka. Sina njia nyingine ya kulisema. Akaukunja tena ule waya, polepole, kama alivyoukuta. Basi kadogo kale ka mukono hakakuwa ka huruma. Kalikuwa ka safari. Na mtoto alijua, na Steve alijua, na yule Muzambia wa waya pengine alijua, na baba mtu ndiye alikuwa wa mwisho mjini.

Kisha ikaja hasira, na hasira ile, nitasema wazi, ilikuwa mbaya. Maana hakukasirika tu. Alitazama lile kasha refu la chuma, akaona uzito wake, akafikiri: hii haipandi ndege. Hii ikikaa, imekaa. Na mtoto mwenye moyo kama wa Daniella hawezi kuiacha zawadi ya baba yake na kuondoka. Alijua kabisa anachofanya.

"Funga hivi hivi," alimwambia Steve. "Hii waya, ubakie nayo. Na usimwambie Daniella kama niliiona."

Mashini ililetwa kwa pousse-pousse, mkokoteni wa kusukuma, imefungwa kwa blanketi. Na kama vile uzito wake hautoshi, Papa Alphonse akaanza kuisukia stabilisateur yake yenyewe, kwa mikono yake, uani. Alitumia waya mnene wa shaba, akausuka safu juu ya safu, kwa subira ile ile aliyokuwa nayo kiwandani, akaifunga ndani ya sanduku la chuma ambalo watu wawili hawalinyanyui bila kuguna. Jirani yake, Mama Viviane, mwimbaji wa kwaya na mwanamke asiyejua kupita mlango wa mtu bila kuchungulia, alisimama kwenye ua.

"Papa Daniella, unatengeneza nini? Sanduku ya maiti?"

"Ya mutoto. Anarudia kukaa hapa."

"Weee! Daniella? Kukaa kabisa?" Mama Viviane akapiga vigelegele pale pale. "Mungu ni muzuri! Utaacha kuzeeka na mota sasa!"

Mpaka jioni shirika zima la parokia lilikuwa limeshajua. Watu walimsimamisha njiani kumpongeza. Alishukuru kila mtu, na kila aliposhukuru aliona aibu ikimpanda shingoni.

Daniella alikuja Jumamosi mchana, na basi la Lubumbashi, akiwa na begi dogo mgongoni. Baba yake akampeleka moja kwa moja chumba cha nyuma. Alikuwa amepaka chokaa, amefunga meza ukutani kwa bolti, ameweka kiti chenye mto wa Rosalie. Mashini ilisimama pale, nyeusi, ndefu. Kando yake stabilisateur mpya, na taa yake ndogo ya kijani inawaka.

Daniella alisimama mlangoni. Aliiona ile mashini, akaona bolti za meza, akagusa lile sanduku la chuma.

"Ulisuka weye mwenyewe?"

"Nani mwingine?"

Walikula bukari na samaki wa thomson na mboga ya lengalenga. Hakuna aliyetaja Nairobi. Baba alingoja mtoto aseme, mtoto alikuwa anatafuta pa kuanzia, na chakula kikawa kinapoa katikati yao. Ndipo Daniella akaona shati la baba yake. Kifungo kimoja kilikuwa kimeshonwa kwa waya mwembamba wa shaba, ule wa mota, kwa sababu uzi ulikuwa umeisha nyumbani na hakukuwa na mtu wa kumwambia anunue. Alikitazama kile kifungo, akaacha kula.

"Papa," alisema, "ntabakia. Ntatumika hapa hapa."

Papa Alphonse hakuuliza kitu. Furaha ilimjaa mpaka akasongwa na tonge. Alitoka nje akajifanya anafunga kuku, akalia kidogo, akamshukuru Mungu, akamwambia na Mama Viviane juu ya ukuta. Alishinda. Alikuwa amepata alichotaka, chote, bila hata kuomba.

Na siku zilizofuata zilikuwa nzuri, msifikiri hazikuwa. Kulikuwa na mtu wa kusema naye asubuhi. Kulikuwa na uzi nyumbani. Daniella alishona vifungo vyote upya, alipika, alikwenda misa na baba yake, akasimama katikati ya wanawake wa shirika akajibu maswali yao. Halafu alirudi chumba cha nyuma, akafunga mlango, akakaa mbele ya ile mashini.

Lakini hakuwa anacheka. Huyu mtoto tangu utoto, akicheza, alikuwa anacheka na kupiga kelele na kuwatukana watu wa mbali anaocheza nao, mpaka mama yake anagonga ukuta. Sasa mashini ilikuwa ya kweli kweli, picha hazikwami, na chumba kilikuwa kimya. Alichora vibao vya maduka ya watu na kadi za arusi, kwa kuwa ndiyo kazi iliyopatikana. Simu yake iliita mara nyingine, akaiacha iite. Mara moja tu alipokea, na baba yake akasikia kupitia mlango, "Hapana. Nilishasema hapana. Aksanti." Papa Alphonse alijiambia kwamba kila kitu kina kuzoea.

Alasiri moja alikuwa amekaa kwenye korido akimenya viazi vitamu. Umeme ukalegea. Kile kisanduku cha sebuleni kikalia tak, na lile sanduku la chumba cha nyuma, kubwa, likalia nyuma yake kwa sauti nzito zaidi. Papa Alphonse alikuwa anafungua mdomo ajibu. Kabla hajajibu, sauti ikatoka nyuma ya mlango, ya chini, iliyochoka, isiyomwambia mtu yeyote.

"Nasikia."

Kisu kikabaki mkononi. Alingoja labda kuna simu, labda anaongea na mtu. Hakukuwa na mtu. Baada ya kitambo sanduku likalia tena, na Daniella akajibu tena, vile vile, bila hata kujua kwamba amejibu.

Papa Alphonse aliifahamu sauti ile. Ilikuwa yake. Ilikuwa sauti yake ya miaka yote ile tangu kifo cha Rosalie, sasa ikiwa ndani ya koo la msichana ambaye hajaanza hata kuishi. Aliogopa. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku transfoma ilipolipuka mbele yake kiwandani. Rosalie angeniua, alifikiri, Rosalie angetoka kaburini aniue. Alimaliza kumenya viazi vyote, hata vya kesho, kwa sababu hakujua mikono yake aipeleke wapi.

Asubuhi Daniella alipokwenda sokoni, Papa Alphonse alimwita mtu wa pousse-pousse. Mama Viviane alichungulia. "Iliharibika tayari?" "Miye njo niliiharibu," alijibu, akaenda zake.

Steve alipomwona anaingia na kasha ndani ya blanketi, alidhani analetewa ugomvi.

"Kale kasanduku ka mukono, kangali kako?" Papa Alphonse aliuliza.

"Kako."

"Toa bya ndani, utie mule."

"Byote havitaingia, Papa."

"Basi tuchague."

Wakakaa meza ile ile, wakachagua kwa mara ya pili. Ile alimentation nzito haikuingia. Papa Alphonse aliipima mkononi kwa mara ya mwisho, akaiweka pembeni, Steve akatia ndogo. Feni kubwa hazikuingia. Vichujio vya vumbi havikuwa na pa kukaa. Diski ya pili ikatoka. Kila alichokichagua kwa sababu ya Likasi, kwa sababu ya umeme wetu na vumbi letu na kile chumba cha nyuma, kilitoka kimoja kimoja kikalala juu ya meza. Ilibaki ile carte graphique, nayo iliingia kwa kubanwa kidogo.

"Hii haitaishi muda mrefu na courant ya kwetu," Steve alisema kwa sauti ya chini, safari hii bila mzaha.

"Haiko ya kwetu. Ile waya iko wapi?"

Daniella alirudi na kikapu cha mboga akakuta kasanduku kadogo keusi, kenye mkono, juu ya meza ya sebuleni, na juu yake waya umekunjwa, meno matatu yakiangalia juu. Aliweka kikapu chini.

"Papa, nani alikuambia?"

"Hii meno. Miye ni mutu wa courant, mwana yangu. Nilijua tangu mbele, mbele hata hujafika, na nikanyamaza. Nilikununulia kubwa makusudi, usiweze kuibeba. Unisamehe."

Daniella alikaa. Alishika uso wake kwa mikono miwili.

"Nilishawakatalia," alisema.

"Uwapigie tena."

"Na weye utabakia na nani?"

"Na Mama Viviane."

Walicheka wote wawili, maana Mama Viviane wakati huo huo alikuwa anakohoa nyuma ya ukuta. Halafu Daniella akaacha kucheka.

"Utakuwa peke yako, Papa."

Angeweza kusema uongo. Kulikuwa na uongo mwingi karibu: shirika, mota, misa, kuku. "Ndiyo," alisema. "Ntakuwa peke yangu, na itaniuma. Lakini miye nilishaishi yangu. Jana nilikusikia unajibu ile sanduku. Ile hapana, Daniella. Miye, sawa. Weye, hapana."

Kampuni ya Nairobi ilimngojesha kidogo, pengine kumwadhibu, kisha ikakubali. Alipanda basi la Lubumbashi asubuhi, akachukue ndege huko, begi mgongoni, kasanduku mkononi, hakutaka kukaweka kwenye buti. Papa Alphonse alisimama mpaka basi likapita kona. Kisha akasimama tena kidogo, na kondakta wa basi lililofuata akamuuliza kama anasafiri.

Ujumbe wa sauti ulifika baadaye. Daniella alicheka ndani yake, kicheko kile cha zamani cha kugongewa ukuta. Alisema watu wa kule wanakicheka Kiswahili chake, akisema "miye" wanamwomba arudie. Alisema mashini imewaka. "Na waya, Papa, iliingia mu ukuta mara moja, kama vile ilikuwa inaningoja. Courant ya huku inaendaka pia, lakini si sana. Haiombi stabilisateur." Papa Alphonse aliusikiliza mpaka Mama Viviane akaukariri. Alimrudishia ujumbe kwamba umeme ukiondoka achomoe haraka kabla haujarudi, na kwamba hapa wote ni wazima.

Mama Viviane alimshauri auze lile sanduku kubwa la chumba cha nyuma, kuna mtu wa friji ya samaki sokoni analitaka sana. Alikataa. Lilibaki pale kando ya meza yenye bolti, taa ya kijani inawaka, halilindi kitu. Mpaka Jumapili moja, umeme ukiwa unacheza vibaya tangu alfajiri, alipoingia na simu yake, ile ndogo iliyopasuka kioo, akaichomeka humo. Stabilisateur iliyosukwa kubeba mashini nzima ya michezo, sasa inalinda simu moja isizime. Alivuta kiti chenye mto wa Rosalie, akakaa karibu. Kule Nairobi saa zinatangulia zetu, misa ingekuwa imeshaisha, na Daniella alisema atapiga akitoka misani.

Sanduku likalia tak. Papa Alphonse hakulijibu. Alikuwa anaisikiliza simu.